Wanafunzi wa Kilatini Kandokando ya Ziwa

Mwanafunzi wa Mkula, katika Mkoa wa Simiyu, akimaliza kidato cha sita na kutangaza kwamba atakwenda chuo kikuu kusoma lugha na maandiko ya Wayunani na Warumi wa kale, jambo la kwanza atakaloulizwa nyumbani ni kazi gani itatoka humo. Swali hilo si la ujinga. Wazazi wanaouza pamba na ng'ombe ili wapate ada wana haki ya kuliuliza. Lakini liko swali jingine linalotangulia hilo, nalo ni hili: nani aliyekwisha kupita njia hiyo, ambaye kijana aweza kumwendea na kumwuliza alikuta nini? Katika vyuo vya Ulaya na Marekani jibu lake ni jepesi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu huketi na wa mwaka wa kwanza akamweleza ni wapi vitenzi vya Kiyunani humvunja mtu moyo, ni mwandishi yupi afaaye kuanza naye, na wenziwe waliohitimu wameshika kazi gani. Mkula mshauri wa namna hiyo ni shida kumpata. Hata hivyo isidhaniwe kwamba nchi za Ziwa hazikupata kuwa na watu wa elimu hiyo. Walikuwapo ng'ambo ya maji.

Wilaya ya Busega, ambamo Mkula imo, yapakana na Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba hiyo kuna kisiwa cha Ukerewe. Kando hizi mbili zilipata elimu ya misheni kwa njia mbalimbali. Upande wa Busega kituo kikuu kilikuwa Nassa, ambacho Africa Inland Mission ilikipokea kutoka kwa Church Missionary Society mwaka 1909. Desturi ya Waprotestanti ilikuwa kumfundisha mtu kusoma ili ayasome Maandiko kwa lugha yake mwenyewe, na katika desturi hiyo Kilatini hakikuwa na nafasi. Upande wa Ukerewe walikaa Mapadri Weupe, na kwao mambo yalikuwa kinyume. Kijana aliyetakiwa kwa upadri hakuwa na budi kujua Kilatini, kwa kuwa misa, sheria ya Kanisa, na vitabu vya falsafa na teolojia vyote vilikuwa katika lugha hiyo. Kwa hiyo lugha ya Cicero iliingia katika nchi za Ziwa kwa mlango mmoja tu, mlango wa seminari, na aliyetaka kuisoma kwa haja nyingine hakuwa na pa kuingilia.

Mwaka ule ule wa 1909 kijana mmoja wa Ukerewe alivushwa ziwa kupelekwa seminari ya Rubya, katika nchi ya Bukoba. Jina lake Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kulelewa katika nyumba ya mtawala wa kisiwa, jamaa yake. Alikaa Rubya yapata miaka kumi, akasoma Kilatini na Kiyunani na Kijerumani, pamoja na falsafa na dini. Mwaka 1919 aliondoka bila ya kuwa padri, akarudi Ukerewe na kuoa. Kwa hesabu ya waliomsomesha, miaka kumi ilikuwa imetumiwa kwa mtu ambaye hakufika alikokusudiwa. Wengi walikuwa hivyo katika seminari zote za Afrika ya Mashariki. Waliotoka kabla ya daraja walikuwa makatekista, walimu, makarani na wakalimani, nao waliitwa walioshindwa, kana kwamba yale waliyokwisha kujifunza yalifutika langoni walipotoka.

Yafaa kutazama kwanza ni kitu gani walichojifunza, maana hapa ndipo wengi wasiosoma Kilatini hukosea. Hudhani ni mzigo wa maneno ya wafu, kumbe kwa mtu wa lugha za Kibantu kina sura ya ndugu wa mbali. Mrumi akitaka kusema mtoto mwema husema puer bonus, na wakiwa wengi husema pueri boni. Sifa hufuata jina na kugeuka pamoja nalo. Mswahili husema mtoto mwema, watoto wema, na Msukuma na Mkerewe nao wana upatanisho wa namna hiyo katika lugha zao. Tofauti ni kwamba Mrumi hubadili mkia wa neno na Mbantu hubadili kichwa chake. Tena Mrumi husema amo, neno moja, naye Mswahili hujibu kwa neno moja, napenda. Mwingereza hawezi kusema hivyo kwa neno moja. Mahali pagumu ni hali za majina, ambapo umbo la neno huonyesha nani atendaye na nani atendwaye. Hapo Mbantu hana msaada wa lugha ya mama, na hapana njia ila kukariri. Haya ndiyo mashauri ambayo mwanafunzi wa pili angempa wa kwanza: usiogope upatanisho, umezaliwa nao, weka nguvu zako katika hali za majina.

Liko na jambo la kustaajabisha ambalo lingepaswa kuelezwa katika somo la kwanza. Wilhelm Bleek, aliyezipa lugha zetu jina la Bantu katika vitabu vya elimu, alipata shahada yake katika chuo kikuu cha Bonn mwaka 1851 kwa tasnifu iliyohusu makundi ya majina katika lugha za Afrika ya Kusini, na tasnifu ile aliiandika kwa Kilatini. Basi uchunguzi wa ngeli, ambao leo kila mwanafunzi wa Kiswahili huusoma kama jambo la nyumbani, mmoja wa mizizi yake umo katika kitabu ambacho wenye ngeli wenyewe hawakuweza kukisoma, isipokuwa wachache waliopitia seminari.

Aliyefika mbali kuliko wote kwa njia ya seminari ni Laurean Rugambwa. Alisoma Rubya, kisha Katigondo nchini Uganda, akapata upadri mwaka 1943, akasoma sheria ya Kanisa Roma, akawa askofu, na mwaka 1960 akafanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipofunguliwa mwaka 1962, mazungumzo ya ukumbini yalikuwa kwa Kilatini. Maaskofu wa nchi tajiri walikuwamo waliohangaika kufuata yaliyosemwa. Maaskofu wa Kiafrika, waliokwisha kukaa miaka mingi juu ya lugha ile, hawakuwa wageni nayo, na Rugambwa alikuwa mmoja wa viongozi wao. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa tamko lililoruhusu lugha za watu kutumiwa katika ibada. Hivyo Kilatini kilitumika kujifungulia mlango wa kutokea, na Waafrika waliokijua walikuwa miongoni mwa walioushika ufunguo.

Baada ya hapo Kilatini kilirudi nyuma upesi. Haja iliyokileta ilikuwa moja tu, na haja hiyo ilipopungua hapakuwa na nyingine ya kukishikilia. Afrika ya Magharibi ilikuwa mbali na hali hii: chuo cha Ibadan kilipoanzishwa mwaka 1948 kilikuwa na idara ya elimu ya kale, na wanafunzi wake wakapata wa kuwatangulia wasiokuwa mapadri. Malawi nayo ilikuwa na Rais Banda, ambaye mwaka 1981 alifungua shule yake ya Kamuzu na kulazimisha Kilatini ndani yake. Jambo la majivuno, lakini liliacha walimu na wanafunzi. Dar es Salaam chuo kilianza mwaka 1961 kwa sheria, na wanafunzi wake wakakutana na Kilatini kwa vipande vipande, kama mens rea na habeas corpus, mithili ya mtu aokotaye vigae asikione chungu. Wapenzi wa michezo ya kuigiza walimpata Sophocles kwa Kiswahili mwaka 1971, Samuel Mushi alipotoa Mfalme Edipode.

Hasara ya hayo si ndogo, wala si ya mapambo. Habari ya kale kabisa iliyoandikwa juu ya pwani yetu imo katika kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinachoitwa Periplus, kinachotaja bandari ya Rhapta na wenyeji wake na bidhaa zilizonunuliwa huko. Karne moja baadaye Ptolemy wa Aleksandria aliandika kwamba Nile hutoka katika maziwa yanayolishwa na theluji ya Mlima wa Mwezi. Kwa miaka mingi wataalamu wamebishana Rhapta ilikuwa wapi. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba katika nchi ya Rufiji, na mwaka 1999 akatangaza shanga alizoziona kuwa za Kirumi. Lakini ubishi wa Rhapta una miguu miwili, udongo na maneno, na mguu wa maneno tumewaachia wengine. Mtanzania asiyejua Kiyunani akisoma Periplus husoma alichoamua mfasiri, na palipo na neno lenye maana mbili hawezi kujua kwamba palikuwa na uchaguzi.

Kitereza alikuwa na elimu ya kumtosha mtu wa namna hiyo, lakini aliielekeza kwingine. Mwaka 1945, akiwa amekaa miaka mingi kati ya biashara na kazi za misheni, alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na ya watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, akiyaweka humo maisha ya Ukerewe ya zamani: kilimo, uvuvi, ndoa, uganga, pombe, na aibu ya nyumba isiyo na mtoto. Aliyezoeshwa ujanani kusoma lugha ambayo wasemaji wake wamekufa na maandishi yao yakabaki, aliiandika yake ingali hai. Hakupata mchapaji. Mswada ulikaa zaidi ya miaka thelathini, na uzeeni aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili ili uweze kutoka. Tanzania Publishing House waliutoa. Nakala zilichapwa China, na mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hazijamfikia.

Mwaka 2002 kitabu kilitoka kwa Kiingereza, kimefasiriwa kutoka katika Kikerewe chenyewe na Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa riwaya na mwalimu wa fasihi, aliyesoma Makerere na Paris. Ruhumbika naye ni mzaliwa wa Ukerewe.