Gari Kubwa Lilizaliwa Matopeni

Mwezi uliopita mpwa wangu alinifuata hapa Bunju B akiwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya Land Cruiser 300, nyingine ya Land Cruiser 250, ile ambayo wengi bado wanaiita Prado mpya. Akaniamkia, akaketi chini ya mwembe, akasema: "Mjomba, wewe umeyaendesha haya tangu enzi za babu zao. Nichukue lipi?"

Nilikuwa dereva wa serikali kuanzia 1977 hadi nilipostaafu 2015. Siku ile sikumjibu. Nilimwomba aniachie karatasi zake, maana zilikuwa zimejaa nguvu za farasi, ukubwa wa skrini na idadi ya kamera, na hakuna hata mstari mmoja uliosema gari la namna hii lilikujaje kwetu na lilikuja kufanya nini. Kwangu mimi huko ndiko kipimo kinakoanzia.

Lilianza na Landi. Waingereza walionyesha Land Rover ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, vita vikuu vikiwa vimekwisha juzi tu. Chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi lake likaundwa kwa aluminiamu. Lilikusudiwa mkulima. Lakini katika nchi kama Tanganyika, yenye barabara za lami za kuhesabika na mvua zisizomngoja mtu, likawa gari la bwana shauri, kisha la wapigania uhuru waliokuwa wakizunguka vijijini, na baada ya 1961 likawa la kila mtu mwenye kazi ya maana bara: daktari, bwana shamba, padri, mkuu wa wilaya. Ukisikia mlio wake kijijini, ulijua ama dawa imekuja au mkutano umeitishwa.

Landi yangu ya kwanza ilikuwa 109, dizeli ya lita 2.25, silinda nne, farasi wapatao sitini. Kijana wa leo atasema hiyo ni nguvu ya kigari cha kwendea sokoni. Nilipangiwa idara ya maji, na njia yangu kubwa ilikuwa ya kusini: Kibiti, Ndundu, Somanga, hadi Lindi. Ndundu tulivuka Rufiji kwa pantoni. Mto ukijaa, pantoni inasimama, nanyi mnalala hapohapo na mbu. Ukishavuka, mbele yako kuna zile kilomita sitini za kwenda Somanga, udongo mweusi unaonasa tairi kama ulimbo. Masika ya 1979 tulikaa humo siku tatu. Nilikuwa na mhandisi wetu, mtu mzima, msomi, anayeheshimika ofisi nzima. Alivua viatu, akakunja suruali, akashika panga tukakata matawi ya kutandika chini ya tairi. Kisha mimi nikawasha, nikaingiza gia za nguvu, naye akaenda nyuma na watu wa lori lililonasa jirani yetu, wakasukuma. Tulipofika Somanga alikuwa na tope hadi kwenye nyusi. Alinunua samaki wa kukaanga, tukala pamoja kwenye boneti.

Siku ile ndiyo kipimo changu cha gari la mkubwa. Kiti cha mbele cha Landi kilikuwa kigumu kwake kama kilivyokuwa kigumu kwangu.

Wakati ule wenye vyeo waliokuwa na hamu ya anasa walijulikana kwa Mercedes, ndipo likaja lile neno Wabenzi, na lilikuwa neno la aibu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limewafunga viongozi: hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba za kupangisha, hakuna hisa. Gari la anasa lilionekana kama ushahidi wa kosa. Halafu vikaja vita vya Kagera na ukame wa fedha za kigeni. Mafuta yakawa ya foleni, na Jumapili alasiri magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea, ili kuokoa mafuta. Spea hazikuwepo. Tulifunga Landi kwa waya, kwa mpira wa tairi, kwa sabuni ya mche kwenye tangi linalovuja, na ikaenda. Naisema hii kwa heshima kubwa: gari ambalo fundi wa Kibiti anaweza kulifufua chini ya mkorosho ni gari lililoundwa vizuri, hata kama linadondosha oili kila linaposimama.

Toyota waliingia taratibu. Walikuwa wameunda gari lao la kwanza la aina hii mwaka 1951, jina la Land Cruiser likaja 1954. Kwetu nililiona kwa wingi miaka ya 1980, zile 60 na baadaye 70, nyingi zikija na miradi ya wafadhili zikiwa na namba za DFP. Madereva wa Landi tulizicheka mwanzoni. Kicheko kilikoma tulipoona zinakwenda Songea na kurudi bila kukata ekseli. Mwaka 1990 ikaja injini ya 1HZ, silinda sita kwa mstari, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Haina haraka, lakini haichoki. Ile 70 yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo watu wakaiita mkonga, na mpaka leo ukiona gari la wagonjwa limefika kijiji ambacho ramani imekisahau, mara nyingi ni mkonga wenye 1HZ.

Mwaka huohuo wa 1990 lilianza kuuzwa duniani Land Cruiser 80, na hapa ndipo ukoo ulipogawanyika. Mimi nilikabidhiwa VX mwaka 1994, ina namba za serikali, rangi nyeupe, dizeli ya 4.2 yenye tabo. Badala ya springi za majani ilikuwa na koili mbele na nyuma, kwa hiyo mashimo ya Chalinze yakawa kama kubembelezwa. Viti vya mahameli, kiyoyozi, kioo kinachoshuka kwa kubonyeza. Nchi nayo ilikuwa imebadilika. Mzee Mwinyi, rais wetu wa wakati ule, alikuwa amefungua milango ya biashara, na mwaka 1991 kule Zanzibar yale masharti ya uongozi ya Arusha yalilegezwa. Lililokuwa aibu likawa heshima.

Watu wakaliita shangingi. Ni neno walilokuwa wakimwitia mwanamke wa mjini, mnene, aliyejipamba, anayejua kujionyesha, wakalivisha gari. Sikulipenda, kwa ajili ya dada zetu, lakini lilishika. Na kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu kwenye kioo cha ndani: bosi alihama kutoka kiti cha mbele akaenda nyuma kushoto. Hakuna aliyetangaza, hakuna waraka. Ni kiti tu kilikuwa kizuri zaidi huko. Tangu 1994 hadi nastaafu, sikumbuki kiongozi hata mmoja aliyeshuka kusukuma gari langu.

Ya 100 iliyokuja 1998, na ya 200 iliyokuja 2007, sitazieleza sana. Zilikuwa nzuri. Zilileta injini ya silinda nane, na V8 likageuka kuwa cheo kwa Kiswahili: fulani siku hizi anatembelea V8. Lakini angalia barabara zilikuwa zinafanya nini miaka hiyohiyo. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Rufiji, urefu wa mita 970, pantoni ya Ndundu ikapumzika. Lami ikateremka kusini kipande kwa kipande hadi udongo mweusi wa Somanga ukafunikwa. Matope yaliyolizaa gari kubwa yalikuwa yanakauka, na gari likazidi kukua. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alijulikana kwa kupiga vita mashangingi serikalini. Mimi niliyekuwa nyuma ya usukani nilimwona ana haki. Nimeendesha V8 ya petroli kutoka Dar hadi Dodoma, lami mwanzo mwisho, kumpeleka mtu mmoja na mkoba wake, lita moja ikinipa kilomita tano.

Hapa Bunju hali ni tofauti kidogo, na lazima niwe mkweli. Niliponunua kiwanja changu 1996 palikuwa mikorosho na mihogo. Leo Barabara ya Bagamoyo imepanuliwa kwa msaada wa Japani kutoka Mwenge hadi Tegeta, lakini ukiiacha lami kuingia mitaani kwetu, au ukielekea Mabwepande, masika yanakurudisha 1979. Ni mchanga kiangazi, tope masika, na mifereji inayohama. Gari la juu lenye kuvuta magurudumu manne bado lina kazi halali hapa. Kwa hiyo sikumwambia mpwa wangu anunue kigari cha chini. Nilizipima karatasi zake mbili.

Ya 300 ilizinduliwa Juni 2021. Wameondoa silinda nane wakaweka sita, dizeli ya lita 3.3 yenye tabo mbili, zaidi ya farasi 300, gia kumi, na gari limepungua uzito kwa kilo zipatazo 200. Hapo nawavulia kofia: nguvu imeongezeka na chuma kimepungua. Kule Japani iligombewa hadi wanunuzi wakatakiwa kutia saini kwamba hawataiuza tena upesi, kwa kuogopa ingevushwa nje ya nchi. Baadhi ya matoleo yanawashwa kwa alama ya kidole. Nilipolisoma hilo nilikumbuka usiku mmoja wa 1988 njiani Iringa, nimeshikwa na malaria, mhandisi akachukua funguo akaendesha hadi hospitali. Gari la kazi ni lile ambalo mwenzio anaweza kuliwasha wewe ukiwa umelala kiti cha nyuma na homa. Halafu tangi: 200 ilikuwa na matangi mawili yanayobeba lita 138, ilhali ya 300 yenye matangi mawili inabeba 110. Inakunywa mafuta pungufu kuliko ya 200, hilo ni kweli, ila mtu wa safari za Tunduru huhesabu lita, hahesabu sifa.

Ya 250 ilitangazwa Agosti 2023. Imejengwa juu ya fremu ileile ya jamii ya 300, lakini kwa dizeli ya 2.8, silinda nne, farasi 204, gia nane. Umbo lake limerudi kwenye pembe za zamani, taa na boneti unaviona ukiwa umekaa, unajua tairi lako liko wapi. Kwa dereva wa matope jambo hilo lina thamani kuliko kamera nne. Injini ya 2.8 tumeshaizoea kwenye Hilux, kwa hiyo spea zake zipo Kariakoo na mafundi wa Tegeta wanaijua. Zote mbili zinataka dizeli safi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na bila hatua hiyo nozo za injini hizi zisingedumu kwetu. Asithubutu kununua mafuta ya madumu barabarani.

Bei. Japani 250 ilianza kuuzwa Aprili 2024 kwa yeni milioni 5.2, na dizeli ya juu ikafika milioni 7.35. Ya 300 ilianza na milioni 5.1 mwaka 2021, ikapanda hadi 8. Lakini mnunuzi wa Bunju asiishie hapo. Kwa hesabu tuliyoizoea bandarini, gari jipya lenye injini ya zaidi ya lita mbili linalipa ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 10, juu ya jumla hiyo VAT asilimia 18. Kila shilingi milioni 100 za gari na nauli yake ya meli zinakuwa milioni 162 na zaidi, bado tozo ndogondogo. Udogo wa injini ya 2.8 haumpunguzii kitu, maana kiwango ni kilekile cha 3.3. Akikimbilia gari la Japani lililotumika lenye miaka minane na kuendelea, anakutana na ushuru wa uchakavu.

Juzi nilimpigia simu nikamweleza yote haya, pamoja na habari ya mhandisi na samaki wa Somanga, ambayo alikuwa hajawahi kuisikia. Nilimwambia achukue 250 ya dizeli, viti vya kitambaa, toleo la chini kabisa lenye gia za nguvu na kufuli ya difu ya nyuma. Fedha itakayobaki anunue tairi za matope, winchi na shoka. Na akae mbele.

Karatasi ya 300 nimemrudishia.