Moyo Uliofichwa na Unene

Mwaka 1816 mjini Paris, daktari mmoja aliyeitwa René Laennec alifikiwa na mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya siku zile ilikuwa kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio wake, au kukiwekea kiganja. Lakini mgonjwa yule alikuwa mnene mno, na njia hizo hazikufaa kitu. Kumlalia kifuani kwa sikio nako adabu ilikataza. Ndipo Laennec alipokumbuka ya kuwa, ukikwaruza ncha moja ya ubao kwa sindano, aliyeweka sikio kwenye ncha ya pili husikia vizuri. Akakunja karatasi zikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na wa pili sikioni, akausikia moyo waziwazi kuliko alivyopata kuusikia kabla.

Wengi hulikumbuka bomba lile, kwa kuwa ndilo asili ya chombo wavaacho madaktari shingoni. Wewe, msomaji, ukumbuke pia unene.

Moyo una kazi mbili: kukaza ili utoe damu, na kulegea ili uipokee. Tukisifu nguvu za moyo twafikiri ile ya kwanza tu. Kumbe kwa mtu mnene sana, au mwenye kisukari, mara nyingi hii ya pili ndiyo itanguliayo kuharibika. Misuli hukakamaa, hailegei upesi, ingawa bado yasukuma damu barabara. Mwenyewe hana habari. Hatimaye akipanda kilima huhema, na jamaa zake husema, "Ni uzito tu huo."

Kulegea huko hakusikiki kwa bomba, kulihitaji jicho. Mwaka 1953 huko Lund, nchini Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitwaa mashine ya namna iliyotumiwa viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakaielekeza kifuani mwa mwanadamu. Hupeleka sauti nyembamba zisizosikika na sikio, kisha hupokea mwangwi wake. Kuta za moyo zikaonekana zikisogea.

Kisukari nacho kilishitakiwa baadaye. Mwaka 1972 Shirley Rubler na wenzake, mjini New York, waliandika habari za wagonjwa wanne wa kisukari ambao mioyo yao ilishindwa kazi, ingawa mishipa iilishayo damu haikuwa imeziba. Miaka miwili baadaye zikatoka hesabu za Framingham, mji wa Marekani ambao watu wake walikuwa wakichunguzwa tangu 1948: wanaume wenye kisukari walipatwa na udhaifu huo zaidi ya mara mbili kuliko wenzao, na wanawake mara tano.

Leo daktari hupima kasi ya moyo kulegea, na jinsi misuli yake inavyofupika kwa kila pigo. Kasoro huweza kuonekana hapo wakati damu itolewayo ingali ya kiasi cha kawaida. Kuna na kipimo cha damu, kitafutacho kitu kitolewacho na moyo uliolemewa. Wajapani walikigundua mwaka 1988, ajabu ni kwamba katika ubongo wa nguruwe! Lakini unene haujaacha ujanja wake. Mawimbi ya sauti hufifia yapenyapo mafuta mengi, na picha ikaingia ukungu. Na kitu kile cha damuni huwa kidogo kwa mnene kuliko kwa mwembamba mwenye ugonjwa ule ule, hata aweza kuletewa jibu kwamba hana neno, ilhali moyo wake umekwisha kuanza kukakamaa.