Nyanya Alale Wapi? Jinsi Ushauri wa Mgongo Ulivyobadilika

Leo tunazungumza nawe mama wa Tena, Umoja na Donholm, unayemtunza mzee anayegeukageuka usiku kucha kwa sababu ya yabisi ya uti wa mgongo. Asipolala yeye, nawe hulali.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa mambo mawili: lala juu ya kitu kigumu, na usiinuke. Hadi leo kuna nyanya wanaoondolewa godoro wakalazwa juu ya ubao.

Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichunguza wagonjwa 203 wa kiuno. Baadhi waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Walipona sawasawa, lakini wale wa siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Uhispania waliwapa magodoro watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Baada ya siku 90, waliolalia godoro gumu kiasi walikuwa na nafuu kuliko waliolalia godoro gumu sana.

Basi mama, mrudishie nyanya godoro lake. Kama sponji imebonyea katikati, weka ubao chini ya godoro, si juu yake. Akilala ubavu, akunje magoti kidogo, umwekee mto au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Akilala chali, mto uwe chini ya magoti. Akiamka, ageuke ubavu kwanza, ateremshe miguu, ndipo ajiinue kwa mikono. Mchana atembee kidogo, hata kama ni hadi dukani tu.

Lakini si kila maumivu ya mgongo ni ya uzee. Mwaka 1779 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu wagonjwa waliopinda mgongo na kulegea miguu. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu. Leo tunajua kijidudu hicho hula hata mifupa ya mgongo.

Kwa hiyo nyanya akitokwa na jasho usiku, akikonda, akipata homa, au maumivu yasipotulia hata akipumzika, mpeleke hospitali, kama ile ya Mama Lucy Kibaki. Miguu ikilegea au akishindwa kuzuia mkojo, mpeleke siku hiyo hiyo. Kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Usiseme, "Ni uzee tu." Uliza mapema.