Kazi za Mikono: Kutoka Lutindi Hadi Cheti cha Ufundi

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika, inafaa kuwakumbuka wale waliohesabiwa kuwa hawafai kwa kazi. Habari zao hapa Usambara zaanzia Lutindi. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1896 kiwe makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, kikiwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika koloni la Wajerumani.

Mashemasi walioiongoza walitoka na desturi ya Bethel, Bielefeld, ambako tangu mwaka 1872 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliwapa wagonjwa wa kifafa mashamba na karakana, wasikae bure wakihurumiwa. Lutindi nako wagonjwa walishika jembe. Tuseme kweli: jembe lile lilimtuliza mgonjwa, lakini pia lililisha kituo, na katika enzi za mkoloni si rahisi kutenganisha faida hizo mbili. Tena kazi yenyewe ilibaki kituoni. Mgonjwa hakuandaliwa kwa ajira ya mahali pengine.

Mwaka 1963 ilipoanzishwa Shule ya Wasioona Irente, karibu na Lushoto, mambo yalichukua sura nyingine. Anayejifunza kusoma nukta za breli huondoka na elimu yake vidoleni, aende atakako. Hali kadhalika katika kituo cha Kanisa letu kilichopo Usa River, karibu na Arusha, vijana wenye ulemavu hufundishwa useremala na ushonaji ili wakajitegemee makwao.

Hata hivyo, fundi huhitaji mtu wa kumpa kazi, na hapo ndipo safari ya wengi hukwama. Sheria ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wakubwa watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikapandisha kiwango hadi asilimia 3, kwa kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Wengi wetu tukiisikia hufikiria viwanda na ofisi za Serikali, tukasahau kwamba Kanisa, lenye hospitali, shule na vyuo, nalo ni mwajiri, tena mkubwa. Hesabu ya asilimia 3 yaweza kufanywa mezani kwa mhasibu wa taasisi yoyote kati ya hizo kabla chai yake haijapoa.