Mtambo wa utando wa kuzalisha hidrojeni

Mtambo huu hutengeneza hidrojeni kutoka kwenye ethanoli na kuichuja papo hapo. Mvuke wa ethanoli na maji hupitishwa kwenye kichocheo, kwa mfano nikeli, katika joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi au zaidi. Molekuli 1 ya ethanoli na 3 za maji zaweza kutoa 6 za hidrojeni. Uzuri wa mtambo huu hasa ni utando wake wa metali ya paladi iliyochanganywa na fedha. Molekuli ya hidrojeni ikiugusa hugawanyika, atomu zake hupenya ndani ya metali, kisha huungana tena upande wa pili. Gesi nyingine hazipiti. Hidrojeni ikiondolewa hivyo, mmenyuko huzidi kusonga mbele. Lakini mtambo una kasoro zake: masizi huziba kichocheo, na paladi ni ghali mno.