Fidia ya kifo (Kenya)
Fidia ya kifo ni malipo ambayo mahakama humwamuru aliyesababisha kifo kwa uzembe au kosa jingine kuilipa familia ya marehemu. Nchini Kenya madai haya yana mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1846; kabla yake, ajabu ni kwamba kumjeruhi mtu kuliweza kumgharimu mkosaji zaidi kuliko kumuua. Sheria ya Ajali za Vifo (Sura ya 32) huwafidia mume au mke, wazazi na watoto; Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Sura ya 26) huingiza katika mirathi fidia ya maumivu kabla ya kukata roho na ya kupunguziwa maisha.

Fungu kubwa kwa kawaida ni la utegemezi: kipato cha mwaka baada ya makato huzidishwa kwa miaka ya kazi anayokadiria hakimu, kisha kwa sehemu iliyotunza familia, mara nyingi theluthi mbili kwa mwenye ndoa na watoto. Kwa mama mboga au fundi asiye na hati ya mshahara, hapo ndipo mvutano huanza; mara nyingi mahakama hushika kima cha chini cha mshahara, au hutoa kiasi cha jumla. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu kifo.