Bildi

Nahodha wa pwani aliyetaka kujua kina alitia bildi: kamba iliyofungwa chubwi, ikateremshwa hadi iguse chini. Huku Rukwa, nyanda za Ufipa zinapoporomoka hadi Kasanga na Kipili, kamba gani ingetosha? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi penye upeo wake.

Neno hili zuri lisife. Chombo kinachotafuta samaki kwa mwangwi tukiite bildi ya sauti. Sauti hupita majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, hugonga kibofu cha hewa tumboni mwa samaki na kurudi. Mashine hupima muda wa safari hiyo, ikachora samaki alipo.

Anayeifunga kwenye boti ya mbao aweke kihisio kinachotoa na kupokea sauti upande wa tezi, mbali na mapovu ya pangaboi, uso wake ukitazama chini sawasawa. Waya wake usiandamane na nyaya za injini.

Kisha asiiache ihangaike kutafuta sakafu ya ziwa. Kusini huku oksijeni huishia mita 200 hivi, na chini ya hapo hakuna dagaa wala mgebuka. Aipangie isome tabaka hilo la juu tu. Mchana dagaa huzama, usiku hupanda kuelekea taa za wavuvi, na wingu lao huonekana kiooni likipanda. Miaka ya 1990 meli ya utafiti Tanganyika Explorer iliwasaka samaki wa ziwa hili kwa bildi ya namna hii hii.